Mahakama Ndani ya Chumba cha Mazoezi

Wagonjwa walimwita Dada Viungo, na cheo cha mtaalamu mwandamizi wa fiziotherapia alishakikosa mara mbili. Ya kwanza alikikosa kwa haki, hata mwenyewe alikiri. Ya pili ilimuuma. Leo ilikuwa ya tatu, na mtihani wenyewe ulikuwa mzee mmoja kwenye kiti cha magurudumu, mkewe kando yake, huku mkuu wa kitengo na mtahini mgeni wakiwa wamekaa kando ya ukuta na kalamu zao.

Mzee alipata kiharusi. Nguvu za miguu zilikuwa zimerudi, vipimo vilisema hivyo, lakini kila alipoambiwa asimame, mwili uligoma. Akishindwa na leo, angerudishwa nyumbani na kiti chake, basi.

"Baba, inama mbele kidogo. Moja, mbili, tatu, simama."

Mzee akakunja uso, jasho likamtoka, akabaki pale pale. Mara nne. Mtahini akatazama saa, maana watahini hawajui kutazama kitu kingine.

"Nataka kusimama, mwanangu," mzee alisema. "Ila nikianza kufikiria tu, miguu inasahau."

Dada Viungo akaacha kuhesabu. Wiki mbili alikuwa amelisoma faili la mtu huyu mpaka akalikariri. Kwenye mstari wa kazi paliandikwa "mstaafu", naye akaridhika. Aibu ikamshika.

"Mama, mzee alistaafu kazi gani?"

"Karani wa mahakama." Mama akacheka. "Miaka thelathini na moja, kazi yake kusimama. Hakimu akitokeza tu, yeye ndiye anayepaza sauti."

Dada Viungo akahakikisha breki za kiti zimekaza, akamwomba mkuu na mtahini wavute viti vyao karibu na mzee, mkuu awe tayari kumdaka. Kisha akatoka, akafunga mlango. Aliporudi hakubisha hodi. Aliingia polepole, mikono nyuma, bila kumtazama mtu.

"Kooorti!"

Sauti ilikuwa ya mzee, naye alikuwa juu. Hakushika kitu. Wima, kidevu juu, mikono ubavuni. Mkuu akajikuta amesimama, mama akasimama, mtahini akasimama na kalamu ikamdondoka. Dada Viungo alisisimka mwili mzima. Miaka kumi na miwili aliamini kwamba yeye ndiye anayewafundisha watu kusimama. Kumbe kusimama kulikuwa mle ndani siku zote, mahali ambapo amri zake hazikufika. Alijiona mdogo sana, na akafurahi.

Mtahini akataka kuketi. Mkuu akamshika mkono.

"Subiri," alinong'ona. "Mkubwa hajakaa."

Dada Viungo akageuka kuona ni nani ameingia nyuma yake. Hakukuwa na mtu. Ndipo akavuta kiti, akakaa, na mzee naye akashuka taratibu, bila kushikwa.