Chawa wa Kucha Moja

Hivi wewe unajua kwamba chawa wa tai hawezi kuishi kwa pimbi? Mimi niliishia shule ya msingi, na sikujua mpaka nilipohamia kwa mjukuu wangu wa kiume na mkewe. Wote wawili wanasomea chawa. Si hawa wa kunyonya damu kichwani, ni wale watafunaji, wanaokula manyoya na magamba ya ngozi. Tangu zamani za zamani kila ukoo wa ndege na wa mnyama umebeba chawa wake, wakabadilika pamoja, hata ukimwona chawa unaweza kumtaja mwenyeji wake. Hao wa ndege, kila mguu una kucha mbili. Wa pimbi ana moja tu, imejikunja kama ndoano, ya kukumbatia unywele.

Hadubini ilikaa kwenye meza ya chakula, karibu na dirisha. Aliyeinama pale tangu asubuhi ni mke, shingo inamuuma mpaka namkanda kwa kitambaa cha moto. Mume anapita nyuma yake na daftari: "Tumeona nini?" Akifika kwa wenzake, husema, "Nimeona."

Mke wa mjukuu kwangu ni mke mwenza, ndio utani wetu. Nikamwambia, "Mke mwenzangu, mume wetu anatembea na macho ya kuazima." Akacheka, lakini kwa midomo tu.

Ikatokea wakampata chawa wa kucha moja shingoni mwa tai waliyemwokota amekufa. Mjukuu wangu nusura apande mezani! Akasema huyo ndiye kiungo kati ya chawa wa ndege na wa wanyama, ukoo mzima utapangwa upya. Akaalikwa kuzungumza mbele ya wakubwa wa fani yao, na shahada yake ya udaktari ikawa inangojea hapo hapo. Yeye anaimba bafuni, mke mwenzangu hali. Sahani yake inarudi jikoni kama ilivyotoka.

Kesho ndiyo mkutano, leo mchana mjukuu anapiga pasi shati. Mkewe akamuuliza, "Mume wangu, yule tai alisafiri na nani?"

"Si na sisi?"

"Na yule pimbi aliyegongwa barabarani. Mfuko mmoja. Mimi ndiye niliyeupakata."

Pasi ikasimama. Kwao kila mzoga una mfuko wake, maana mwili ukipoa chawa wanahama, wanapanda chochote kilicho jirani. Siku ile mifuko iliwaishia njiani.

"Mbona hukusema?"

"Nilisema mle garini. Ukajibu tutawatenga mezani. Nikasema tena ulipoanza kuandika, ukaniambia ngoja umalize sentensi."

"Shati, wewe!" nikapiga kelele. Akainua pasi, kola imeshaungua. Akanigeukia, "Bibi, mwambie mwenzako. Anataka kunimaliza."

Huyo nimemlea mgongoni. Ulimi ulinivuta upande wake, wallahi. Nikaushika. "Mume wangu, mimi nauliza kitu kimoja. Anayosema ni kweli?"

Akakaa kitini na shati lake mapajani. "Inawezekana. Huenda ni chawa wa pimbi tu, kahama." Sauti ilikuwa ya yule mtoto niliyemfunga vifungo. "Nikilisema hilo kesho, shahada imekwenda. Nikinyamaza, mtu atachana manyoya ya tai mwingine, asione kitu, nitaitwa mwongo."

Pasi ilikuwa inatoa mvuke peke yake, nikaenda kuizima.

"Haya, wewe unataka nini?" akamuuliza mkewe. "Nikupigie magoti? Sema basi!"

Mke mwenzangu alitoka kwenye hadubini, akajinyoosha mgongo.

"Nataka kesho nisimame mimi, nilieleze kosa letu kwa mdomo wangu. Na tukirudi nataka utafiti wangu mwenyewe, wenye jina langu. Nimelitaka hilo tangu kabla hujanioa."