Kompyuta Iliyolazwa Penye Joto

Kwa maneno ya Mama Ye-rang wa mlango wa pili, kompyuta ya mpwa wake huko Pohang ilikufa kwa baridi. Iliachwa stoo msimu mzima wa theluji, na ilipotolewa haikutoa hata mlio. Bibi wa yule kijana, ambaye hata simu ya mkononi inamshinda kupokea, akaikunja ndani ya mfarishi mzito wa kujifunika, akailaza sakafuni pale bomba la maji moto ya kupashia sakafu linapoingilia chumbani, akaiacha siku tatu. Siku ya nne ikawaka.

"Na picha zote zimo!" alisema Mama Ye-rang, akijipiga paja na kujipaka pilipili. "Hata za harusi ambayo hawakualikwa!"

Hayo aliyasema siku ya kutengeneza kimchi, kabichi ya pilipili ya kuchachuliwa, wanawake wa jengo wamekaa ukumbini kuzunguka milima ya kabichi, mikono myekundu hadi viwikoni. Aliporudia kwa waliochelewa, siku tatu zikawa saba. Sol-hui aliliona hilo, maana yeye ni mtu wa kusikiliza, lakini akaendelea kupaka majani moja moja. Mama yake, Mal-sun, hakuona. Mama yake alikuwa ameacha kupaka.

Ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Tae-gyeom, mdogo wake Sol-hui, alikuwa amefariki mwezi wa tatu wa mwaka huo huo, kwenye makutano ya barabara hapo hapo mjini kwao, Daegu, akipeleka chakula cha watu kwa pikipiki. Simu yake ilisagwa na lori pamoja na pikipiki. Kilichobaki chenye sauti yake ni kompyuta ya kuchezea gemu iliyokuwa chumbani mwake. Jioni alipokuwa akicheza na wenzake watatu, kila mmoja nyumbani kwao, walikuwa wakiongea kwa vipaza sauti, na yeye alikuwa akirekodi yote: vicheko, matusi, kelele za kushinda, hadi yeye mwenyewe akiitikia, "Naja mama, dakika moja!" na asiende.

Siku ile ile ya mazishi mama alikuwa ameuchomoa waya ukutani kwa mkono wake, asije mtu akagusa akafuta. Baada ya maneno ya Mama Ye-rang akaenda mbali zaidi. Akaitoa kompyuta mezani, akailaza chini kwenye kona ya bomba, ile inayounguza nyayo, akaifunika mfarishi. Sol-hui alisimama mlangoni akimwangalia anavyozikunja ncha za mfarishi chini ya lile sanduku la bati, na akajua alishaona wapi mikono ikifanya vile. Kwa bibi yao, kijijini. Bakuli la wali la mtu aliye safarini lilikuwa likifunikwa namna hiyo, mahali pa joto zaidi, ili akirudi hata usiku wa manane akikute chakula hakijapoa.

"Mama, vitu hivi havipendi joto sana," alijaribu kusema.

"Wewe ni fundi?"

"Basi tuwe tunaiwasha mara moja moja, tuone kama ni nzima."

"Usiiguse. Ukibonyeza vibaya umemfuta ndugu yako. Unataka hilo?"

Sol-hui hakulitaka. Akaiacha kompyuta pale, ikakaa majira matatu ya baridi. Chumba kile kilipashwa moto hata siku ambazo wao wawili walijibana sebuleni wamevaa soksi mbili mbili.

Alikumbuka vizuri siku SSD, diski ya kisasa ya kuhifadhia mafaili, ilipoingia nyumbani. Kabla ya hapo Tae-gyeom alikuwa na diski kubwa ya zamani, ile ya sahani inayozunguka na kukoroma kama mzee aliyeshiba. Gemu ilikuwa ikichukua muda kufunguka mpaka wenzake wakawa wanamtania kwamba yeye huja vitani watu wakishazikana. Akaenda sokoni, akarudi na kitu chembamba kama kipande cha chingamu.

"Dada, njoo! Hesabu. Hesabu kwa sauti."

"Moja, mbili, tatu, nne..."

"Nimeshaingia! Umeona? Nne! Ile nyingine ungefika sitini ukachoka."

"Mpya hiyo?"

"Imetumika kidogo. Ukumbi wa gemu karibu na stesheni umefungwa, wanauza vifaa. Haina kinachozunguka ndani, dada, sasa itaharibika nini?"

Ile ya kukoroma akamuuzia mtu siku ya pili. Mama alifurahi, kelele zilipungua.

Kumbukumbu ya mwaka wa tatu wa kifo cha Tae-gyeom ilipokaribia, mama aliinuka asubuhi moja, akala vijiko viwili vya supu ya mwani, akasema, "Mwaka huu moyo unaweza. Nikishampangia chakula chake mbele ya picha, nataka aongee. Twende kwa fundi aiwashe yeye, wewe usiiguse."

Wakaifunga na mfarishi wake, wakaipakia kwenye teksi. Mama aliipakata.

Fundi Pyo ana kibanda ghorofa ya pili kwenye jengo la wauza vifaa vya umeme. Ni mtu mnene, mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kipajini, na mdomo usiotulia.

"Karibu, mama. Leo umeniletea mtoto mchanga? Mbona kavishwa hivi?"

"Ni ya mwanangu," alisema mama. "Iwashe polepole."

Aliiwasha. Feni zikazunguka, taa za rangi zikawaka ndani, nyekundu, kijani, buluu, na mama akashika mkono wa Sol-hui akauminya. Kisha kioo cha fundi kikaleta mstari mmoja mweupe wa maandishi kikabaki hapo. Fundi Pyo akazima, akafungua ubavu, akachomoa kile kipande chembamba, akakichomeka kwenye kifaa chake mwenyewe. Maneno yake yakaanza kupungua. Sol-hui alimwona akishusha miwani ya kipajini, akisoma, akisoma tena.

"Hii ilinunuliwa mpya?"

"Ilitoka ukumbi wa gemu," alisema Sol-hui.

"Ndiyo. Imeandikwa na kufutwa mpaka imechakaa. Mara ya mwisho iliwashwa lini?"

"Miaka mitatu, mwezi huu."

"Haijaguswa na umeme hata mara moja?"

"Hatukumruhusu mtu," alisema mama kwa sauti ya mtu anayetarajia kusifiwa.

Fundi Pyo alivua miwani zote mbili. "Mama, hizi si kama zile za zamani za sahani. Humu ndani kila neno ni chembe ya umeme iliyofungiwa kwenye kijumba kidogo. Ikiwa mpya, kuta ni nene. Ikichakaa, kuta zinavuja. Isipopata umeme muda mrefu, zile chembe zinatoka moja moja, hakuna anayeziona. Nimeletewa zilizolala miaka hii yote zikafunguka, kwa sababu zilikaa mahali pa baridi. Baridi haizidhuru. Joto ndilo linaloharakisha kuvuja. Ninyi mliiweka wapi? Kabatini?"

Kwenye kibanda cha jirani mtu alikuwa akijaribu spika, moja, mbili, moja, mbili.

"Nilimpasha moto," alisema mama.

Fundi Pyo alimtazama, akautazama ule mfarishi juu ya kaunta, maua yake yamepauka upande mmoja kwa kukaa kwenye sakafu ya moto. Sol-hui aliona amejua, na aliona anatafuta pa kuyaweka macho.

"Nitajaribu," alisema. "Nipeni siku nne."

Katika siku hizo nne Sol-hui alimpigia Jun-mo, mmoja wa wale watatu waliokuwa wakicheza na Tae-gyeom, ambaye sasa ameoa na anafanya kazi kiwanda cha vioo huko Gumi, akamuuliza kama ana rekodi yoyote.

"Sina, dada. Kweli sina. Yeye ndiye alikuwa mrekodi wetu. Tulikuwa tunamwambia, we acha kuturekodi tukitukana, siku moja mama yako atasikia." Akacheka kidogo, kisha hakucheka tena. "Wenzangu nao hawana. Nilishawauliza wakati ule."

Siku ya nne walirudi. Fundi Pyo alikuwa amewawekea viti viwili, na Sol-hui alipoviona viti akajua. Majina ya mafaili yalikuwa yameonekana, alisema, mia mbili na kumi na moja, kila moja na tarehe yake. Lakini ndani yake hakuna kilichosomeka. Aliwafungulia moja ili wasidhani anawaficha. Ikatoka sauti ya kukwaruza, kama mchele unaomwagwa kwenye bati, ikaendelea bila kupanda wala kushuka. Mama aliinamisha sikio kwenye spika. Aliisikiliza yote, dakika kumi na saba. Kisha akasema, "Nyingine."

"Zote ziko hivi, mama."

"Nyingine."

Akamfungulia tatu. Wateja wawili walikuja wakasimama, wakaondoka. Fundi Pyo hakupokea malipo. Aliukunja mfarishi yeye mwenyewe, vibaya, na Sol-hui akaubeba vile vile.

Kwenye ngazi za jengo lao walikutana na Mama Ye-rang akishuka na takataka. "Enhe! Imeamka?" aliuliza, uso wote umefunguka. "Si nilikwambia, mama Tae-gyeom? Joto tu!"

Mama alimpita kama mtu anayepita nguzo. Sol-hui aliinamisha kichwa kwa adabu, na ile hasira aliyoisubiri majira yote yale ya baridi haikuja. Aliona tu mwanamke mzee ameshika mfuko wa maganda.

Ndani, mama alikaa sakafuni bila kuvua koti. Mezani vilikuwa vimeshaandaliwa vya kumbukumbu ya kesho: samaki, matofaa yaliyokatwa vichwa, picha ya Tae-gyeom amevaa kofia ya pikipiki amecheka jicho moja limefumba. Jua la saa nane lilikuwa limeingia hadi katikati ya chumba.

"Nilidhani ninayo sauti yake," alisema mama. "Miaka yote hii sikujisumbua kuikumbuka, kwa sababu nilijua ninayo. Sasa nikijaribu, inakuja sauti ya baba yenu. Au ya yule mtangazaji wa hali ya hewa."

Sol-hui alikaa karibu naye, mfarishi ungali mikononi.

"Wewe ulikuwa ukimuigiza mlipokuwa wadogo, mpaka analia. Mimi nafumba macho, sikuangalii." Akayafumba kweli, akageuza sikio lake kwa binti yake kama alivyoligeuzia ile spika. "Niitikie kama yeye. Mara moja tu. Mimi nasema, njoo ule. Haya, wewe sema."