Ulimbo Kwenye Pindo

Suruali ilikuwa ya kitambaa kizuri, kizito, na mwenyewe alitaka nipunguze urefu tu. Nilipofumua pindo vidole vyangu vikanasa. Kulikuwa na kitu cheusi cha kunata, na katikati yake unyoya mdogo wa njano.

Ulimbo. Hupakwa kwenye vijiti, ndege akitua haondoki. Na njano ile nilikuwa naiona kila siku kwenye koo la ndege mmoja tu, yule aliyejenga nyuma ya duka langu, ndani ya boksi bovu la mita ya umeme. Nikaukunja ule unyoya ndani ya kitambaa.

Mwalimu wa sayansi wa shule ya jirani, ambaye likizo zake zote huhesabu ndege, alipomwona alitokwa na machozi. Alisema ndege huyu huonekana huku kwa nadra sana, na kiota chake hakuna aliyewahi kukiona. Akatusihi tufunge midomo. Mimi nikafunga, mama mkwe akafunga. Tatizo shemeji yangu, ambaye hatukumwita Redio kwa sababu ya sura. Alikwenda kunyoa, akarudi na kipara, habari zetu zote kaziacha kwa kinyozi.

Na sasa mwenye suruali huyu hapa, mpole, amekaa kwenye benchi akitazama mlango wa nyuma.

"Taratibu tu, dada. Sina haraka."

Huko nyuma ndege akaanza kuimba. Nikakanyaga pedali kwa nguvu zangu zote, sindano ikatoboa hewa bila hata uzi, ilimradi kelele. Ndege akapandisha sauti. Nikaongeza mwendo, naye akaongeza. Ndipo nikakumbuka anachonitania mama mkwe kila siku, kwamba yule ndege huimba na cherehani. Nilidhani namfunika, kumbe nampigia ngoma acheze! Nikaondoa mguu, lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Mteja alitabasamu. "Sauti tamu hiyo. Ana makinda?"

"Ndege gani? Hapa tuna panya tu, kaka."

"Haya, dada. Suruali nitaipitia jioni."

Alipotoka nilimpigia mwalimu. Alikuwa safarini. Aliwapigia watu wa wanyamapori wakamwambia watafika kesho.

"Niwatoe?"

"Usiwaguse! Makinda wakishaota manyoya, ukiwasogelea wanaruka kabla ya wakati. Wengi hufa chini."

"Na wakibaki, mwalimu?"

Ukuta wetu wa nyuma unanifika kifuani. Hata ningelala pale mlangoni, mtu wa kazi ile asingekosa nafasi. Niliogopa kuwaacha na niliogopa kuwagusa, na jua lilikuwa linashuka.

"Lisilo budi hutendwa, mwanangu," alisema mama mkwe. "Panda, nakushikia ndoo."

Nikapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa chini juu, nikafungua kifuniko cha boksi. Walikuwa watatu, wamebanana juu ya nyuzi za buluu walizookotewa sakafuni kwangu, wakinitazama. Nikapiga makofi mbele ya nyuso zao. Wakalipuka. Mmoja alifika kwenye ua wa michongoma. Wa pili alijigonga ukutani, akaanguka, akajiburuta chini ya majani. Wa tatu sikuona alikoangukia.

Mteja alikuja mapema kuliko nilivyotarajia, na safari hii alikuwa na mfuko. Hakuuliza suruali. Alipita moja kwa moja hadi uani.

"Choo hakiko huko, baba," mama mkwe alimwambia.

Alimulika ndani ya boksi kwa simu, akashika nyuzi, akazinusa. Kisha akatulia kusikiliza. Mama ndege alikuwa amerudi na kiwavi mdomoni. Akaingia kwenye boksi, akatoka naye vilevile, akatua juu ya ukuta akiita. Nikaomba kimoyomoyo: nyamazeni, nyamazeni kama mliokufa. Halafu nikaogopa nilichokiomba.

Aliita tena na tena. Hakuna aliyejibu.

"Mmewatoa," yule mtu alisema.

"Nani?"

Alinitazama, nami sikuondoa macho yangu. Mwishowe alichukua suruali yake, ambayo sikuwa nimeishona, akaondoka. Mama mkwe alimfuata akafunga mlango kwa komeo.

Nilirudi uani nikakaa juu ya ile ndoo, machozi yananitoka. Ndege alikuwa bado anaita, kiwavi hajamwachia.

"Sasa lieni," niliwaambia majani. "Ameshakwenda. Lieni, jamani."

Kwenye michongoma kinda mmoja akajibu. Mama yake akamshukia. Nikaendelea kukaa, nikisubiri sauti ya wale wawili, mpaka giza likaufunika ua wote.