Majivu ya Kibuyuni

Ukuta ulimeguka kidoleni mwa Fundi Sefania mithili ya ugali uliolala. Alikuwa ameujenga mwaka mmoja tu uliopita, na tayari uchachu wa malisho yaliyovundikwa shimoni ulikuwa umeila saruji, ukabakiza mchanga mtupu. Shimo lilivuja, malisho yakaoza, na kiangazi kile Simaloi, mfugaji wa Kimaasai mwenye shimo hilo, alipoteza ng'ombe wanne.

Hata hivyo, alimkaribisha fundi kwa maziwa ya mgando kutoka kibuyuni. Sefania, Mpare wa Mhezi aliyezoea chai, akapuliza pembeni zile chembe nyeusi zilizoelea juu, akanywa nusu kwa adabu. Aibu ilimkaba kuliko maziwa.

"Utanijengea tena," Simaloi alisema. "Lakini likivuja na hili, fundi, sitakuwa na ng'ombe wa kulisha."

Kwenye mafunzo ya mafundi pale Same, Sefania alikuwa ameambiwa kwamba majivu ya maganda ya mpunga, yakisagwa laini na kuchanganywa na saruji, hulifanya zege listahimili tindikali. Alicheka. Kwa miaka thelathini alikuwa akiwafukuza vibarua walioacha majivu yaingie kwenye zege lake. Sasa maji yalikuwa yamemfika shingoni. Alileta magunia mawili kutoka Ndungu, akayaficha nyuma ya kokoto kama mtu anayemficha mchungaji pombe.

Simaloi aliyafungua. "Haya ni majivu."

"Ni majivu, mama. Nilijua ukiyaona utanifukuza."

Simaloi akaingia ndani, akarudi na kibuyu, akamwinamishia fundi mdomo wa kibuyu. Ndani kulikuwa kweusi tii.

"Kilikuwa cha mama yangu. Tunakisugua ndani kwa kijinga cha moto hadi majivu yashike, kisha tunatia maziwa yachachie humo. Miaka yote hiyo uchachu haujakila. Wewe ulidhani ni uchafu?"

Sefania alijitwika gunia la majivu. Alikwenda kuchanganya zege.

Shimo lilijazwa malisho, yakaliwa yakaisha, kwa misimu miwili. Mwishoni mwa kiangazi cha pili Sefania alishuka hadi chini, harufu kali ikimpanda puani, akapangusa ukuta. Mistari ya mwiko wake ilikuwa vilevile, hata pale mkono ulipomteleza. Akakwaruza kwa msumari, msumari ukateleza. Alistaajabu hadi akavua kofia, kana kwamba yuko kanisani. Maganda ya mpunga, ambayo hata ng'ombe huyakataa, yalikuwa yamewalinda ng'ombe.

Juu walikuwa wakitafuna, wote wazima. Simaloi alimpa kikombe. Chembe zilielea. Safari hii Sefania hakuzipuliza, akanywa hadi mwisho, kisha akazikomba kwa kidole zile zilizobaki chini.