Foleni kwenye Gari la Bwana Sixbert

Rahel alitenganisha kwanza waya za betri ndogo ya gari, kama afanyavyo fundi yeyote mwenye akili zake, ndipo akapenyeza kipande cha plastiki kwenye deshibodi na kukibandua kile kioo kikubwa cha kugusa. Kilikuwa kimeganda kwenye ramani ya kijiji cha Mtinko tangu Jumatatu. Alifungua skrubu nne, akachomoa plagi mbili, kikatoka. Kwenye tundu lililobaki maji yakaanza kutiririka.

Yalikuwa ya baridi, na hayana chumvi. Rahel aliyaonja, akanawa grisi mikononi, kisha akampigia simu Bibi Febronia.

Angempigia nani mwingine? Miaka mitano nyuma, mradi wa maji ulipoweka bomba pale Mtinko, ndoo ya kwanza kupangwa ilikuwa ya Bibi Febronia, na foleni ya Mtinko haivunjwi. Maji hayakutoka. Ndoo zikabaki zimepangwa, zikapauka kwa jua, na wenye ndoo waliokufa wakarithiwa nafasi zao. Msimamizi wa mradi, Bwana Sixbert, alieleza kwamba pampu imekwama njiani. Mwaka uliofuata akaja na hili gari la umeme, lisilonguruma hata kidogo.

Basi siku hiyo ndoo zilihama, weee! Zilibebwa kutoka bombani hadi gereji ya Rahel kwa mpangilio ule ule, sitini na mbili, na vigelegele vikapigwa mpaka kuku wakakimbilia barabarani. Mzee Zefania, wa kumi na nne, alijipenyeza awe wa tisa. Akavutwa shati, akarudi nafasi yake huku anacheka. Bibi Febronia alijaza ndoo yake, akaketi juu ya tairi kuukuu, akanywa mpaka akacheua. Alisema amefurahi, na kwamba alikuwa ameshaanza kuogopa angekufa akiwa wa kwanza.

Saa tisa Bwana Sixbert alifika na kioo kipya kwenye boksi. Alimwamkia bibi, bibi akaitikia marahaba, foleni ikasogea pembeni apite. Akachungulia tundu, akaomba kikombe, akanywa. Akakiri kwamba ni maji mazuri.

Rahel alimweleza kwamba kioo kikirudi, tundu litaziba.

"Mimi sikirudishi," alisema. "Tafuta fundi mwingine."

Bwana Sixbert hakukasirika. Alipiga picha tundu, akapiga picha foleni, akamwomba Bibi Febronia anyanyue ndoo kidogo ionekane vizuri. Kisha akaandika ripoti kwenye simu yake, akamsomea Rahel: "Kisima cha Mtinko kimekamilika na kinatoa maji." Akamwachia funguo, akaondoka kwa bodaboda.

Gari liko pale gereji mpaka leo. Limejengewa uzio wa miiba ili mbuzi wasiingie kwenye viti, na kamati imemchagua Mzee Zefania kuwa mlinzi.

Mwezi uliopita Bwana Sixbert alipita tena, na gari jipya, kubwa kuliko lile. Amepewa kusimamia mradi wa maji wa Issuna. Rahel akamuuliza kama kioo kinasumbua.

"Bado," akajibu.

Wanawake wa Issuna, waliofika kwa basi la asubuhi, walikuwa wameshapanga ndoo zao nje ya gereji. Wakatandika khanga, wakakaa kusubiri.