Daftari la Kumwachia Daniella

...uko wapi, eti uko wapi, na yeye amesimama hapa hapa mbele ya watu kumi na mmoja, chini ya mabati ya kambi ya Kakuma yanayochoma kama kikaango, daftari mkononi, ukurasa mzima ameusoma bila kukwama, tarehe ya kukimbia, jina la kijiji, idadi ya waliokufa, namba ya kadi, halafu huyu mwalimu Emanikor, aliyetoka Lodwar alfajiri kuja kuwafundisha kuandika maisha yao, anamwambia, "Mama Daniella, hii ni ya ofisi. Wewe mwenyewe uko wapi hapa ndani?" loo, si ndiyo haya haya yeye Clotilde amewaambia maafisa wa mahojiano mara sita, neno kwa neno, miaka kumi na miwili, maana kila mkimbizi anajua, la leo likipishana na la jana kesi imekufa, na kesi si yake peke yake, ni ya Daniella pia, binti aliyevuka mpaka akiwa mgongoni na sasa anamshinda urefu, yule yule aliyemuuliza juzi wakichambua maharagwe, "Mama, bibi alikuwa mtu wa namna gani?" naye mdomo ukajibu wenyewe, mama mzazi, marehemu, kijiji fulani, mwaka fulani... aibu iliyoje, mtoto akainamia maharagwe yake.

"Hakuna haraka, mama," anasema mwalimu, Gatjang, mwanafunzi mwenzake wa mstari wa mbele, anakohoa, na haraka ipo bwana, kwa sababu yanamjia ya siku ile ya kukimbia, mchana kweupe, wamelala kifudifudi migombani, risasi zinalia kijijini, na mama yake, aliyeacha nguo zote akakimbia na sufuria ya sombe, majani ya muhogo ya kupondwa, anaionja kwa kidole na kunong'ona, "Nani alitia chumvi yote hii, anataka kutuua kabla ya wale?" wakacheka, Mungu wangu, walicheka wamezibana midomo mpaka machozi yakawatoka, na hilo hajamwambia afisa yeyote, mkimbizi anayecheka nani atamwamini, wangemwita tena, wangemuuliza upya... lakini hapa kalamu anayo nani? Anayo yeye. Faili libaki ofisini na tarehe zake, hamna uongo ndani yake, ila hamna bibi pia, na Daniella hatamjua bibi yake kwa namba ya kadi, ng'o, maji ameshayavulia nguo, anaogopa, ndiyo, na bado kifuani kuna kitu chepesi ambacho hajakisikia miaka mingi, furaha, basi na aiite furaha, anageuza ukurasa, mweupe, wote wangali wanamtazama, anauinua na kuusoma kana kwamba umeandikwa.

"Mama yangu aliitwa Stefania," anasema, "na alipenda kuchokoza watu."