Kigingi Mlangoni pa Jiko

Kitu cha kwanza Kalista alichokiona asubuhi ile ni kitambaa chekundu, kimefungwa kwenye kigingi cha mpima barabara mlangoni pa jiko. Nyumba ingebomolewa, lami ya kwenda Mbeya ipite.

Kila alipoomba kurudi kwao Mlandege, mama mkwe alimjibu, "Nyumba ya mwanangu imesimama, uende wapi?"

Mumewe, Mgaya, akakihamishia kigingi kwenye mahindi ya jirani. Mpima akarudi.

"Mzee, nani kang'oa kigingi changu?"

"Mbuzi."

"Mbuzi wako anajua kupiga nyundo!"

Wote wakacheka, isipokuwa Kalista.

"Ni mume wangu, kaka," alisema. "Kirudishe hapa mlangoni. Nataka kwenda kwetu."